Iceland: kisiwa ambacho watu walikikimbia usiku, kisha wakarudi

Sisi ni mume na mke, majirani zenu wa zamani hapo Nakivale, na sasa tunaishi Norwe. Ndugu wa jarida wametuomba tueleze safari yetu ya mwezi Juni 2025, maana habari ilishafika huko kabla yetu kwamba wale wazee wamepanda meli ya watalii. Ndiyo, tulipanda. Watoto wetu wanne walichanga pesa wakatulipia, eti tumefikisha miaka thelathini ya ndoa na hatujawahi kusafiri bila kukimbizwa na kitu. Hapo walisema kweli.

Basi tunawaletea yale tuliyoyaona, na zaidi ya yote habari ya kisiwa kimoja kidogo ambayo tangu siku hiyo hatujaacha kuizungumza nyumbani.

NCHI YENYEWE

Iceland ni kisiwa kikubwa cha kaskazini, katika bahari ya Atlantiki, kati ya Norwe na Greenland. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 103,000, lakini watu wake hawafiki laki nne. Mji wa Goma peke yake una watu wengi kuliko nchi hiyo nzima! Jina lake maana yake ni nchi ya barafu, na kweli barafu ipo nyingi juu ya milima. Lakini chini ya barafu kuna moto. Volkano ni nyingi, na kila baada ya miaka michache mahali fulani panapasuka.

Tulisafiri baharini siku mbili kutoka Bergen. Mwezi wa Juni kule giza haliingii sawasawa. Saa sita ya usiku unaweza kusoma barua dirishani bila taa. Mama alifunika dirisha kwa taulo ndipo tukapata usingizi.

Meli ikifika bandarini, abiria wanaweza kulipia matembezi ya basi au kushuka na kutembea wenyewe kwa miguu. Matembezi ya basi ni ghali, na yanalipiwa mbali na tiketi. Sisi tulichagua basi siku ya kwanza, na siku ya pili tukatumia miguu yetu.

SIKU YA KWANZA: ARDHI INAYOACHANA

Siku ya kwanza tulishuka Reykjavík, mji mkuu. Ni mji safi, nyumba zake si ndefu, mabati yamepakwa rangi nyekundu, bluu na kijani. Juu ya kilima kuna kanisa kubwa la Hallgrímskirkja, lenye mnara wa mita 74 na nusu. Wamelijenga kwa umbo la nguzo za mawe ya volkano, na ujenzi ulichukua miaka zaidi ya arobaini, kuanzia 1945 hadi 1986. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Basi lilitupeleka mahali panapoitwa Þingvellir (herufi ya kwanza wanaitamka kama "th" ya neno thelathini). Hapo ndipo wazee wa nchi hiyo walianza kukutana mwaka 930, nje kabisa, kwenye mawe, kutunga sheria na kuamua kesi. Bunge lao la leo bado linaitwa kwa jina lile lile, Alþingi. Lakini kilichotushangaza zaidi ni ardhi. Kuna ufa mrefu kama ukuta, na unatembea ndani yake. Mwongozaji alieleza kwamba ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa, na hapo vipande viwili vinaachana, kama sentimita mbili kila mwaka. Tukatazamana. Hiyo tunaijua! Bonde la Ufa kwetu ni jambo la namna hiyo hiyo, ila linakwenda polepole zaidi, na ndilo lililotupa Ziwa Kivu, na Nyiragongo pia.

Kutoka hapo tulikwenda kuona chemchemi ya Strokkur. Maji yanachemka shimoni, yanavimba kama puto la bluu, halafu ghafla yanaruka juu kupita mti mrefu. Kila baada ya dakika chache yanarudia. Wazungu wazima wanapiga kelele kama watoto. Mwisho tuliona maporomoko ya Gullfoss, maji yanayoanguka kwa ngazi mbili, jumla mita 32, ukungu wake unakulowesha hata ukisimama mbali.

Jambo la kujifunza: watu hawa hawauogopi tu ule moto wa chini, wanautumia. Karibu nyumba zote za nchi zinapashwa joto kwa maji ya moto yanayotoka ardhini. Tuliponawa mikono mjini, maji yalinuka kidogo kama yai lililochemshwa, ndiyo harufu ya kiberiti cha volkano. Tangu mwaka 1979 Iceland ina mafunzo ya kufundisha mainjinia wa nchi nyingine kazi hiyo, na Wakenya wengi wamepita huko. Umeme wa Olkaria, karibu na Naivasha, unatoka kwenye mvuke wa ardhi namna hiyo hiyo. Vijana mnaosoma sayansi hapo kambini, kazi hiyo ipo.

SIKU YA PILI: HEIMAEY

Usiku meli ilizunguka kusini ikatufikisha visiwa vya Vestmannaeyjar. Ni visiwa vingi vidogo vya mawe, na watu wanaishi kimoja tu, kinachoitwa Heimaey. Leo kina wakazi elfu nne na kitu, na kazi yao kubwa ni kuvua samaki. Meli yetu ilitia nanga nje, tukashushwa kwa mashua. Bahari ikichafuka, mashua haziteremshwi na abiria wanakiona kisiwa kwa macho tu. Mungu alitujalia, maji yalikuwa yametulia.

Mlango wa bandari ni mwembamba. Upande mmoja ni jabali refu lenye majani ya kijani, kondoo wanakula juu yake hata huelewi walipandaje. Upande wa pili ni mawe meusi, makali, yaliyorundikana. Sisi watu wa Goma tuliyatambua palepale kabla hatujaambiwa kitu. Mama alisema: "Baba, haya ni makoro." Ndiyo, ni lava iliyopoa, kama ile tuliyojengea nyua zetu.

Tulipanda mlima Eldfell, ambao jina lake ni mlima wa moto. Una urefu wa mita 200 hivi, na tuliupanda polepole na mapumziko. Mawe yake ni mekundu na meusi, yanateleza chini ya viatu kama makaa. Juu, ukichimba kidogo mahali fulani, udongo bado ni wa vuguvugu. Mlima huo haukuwepo kabla ya mwaka 1973. Sisi tuna umri kuupita huo mlima!

USIKU WA TAREHE 23 JANUARI 1973

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Kisiwa kilikuwa na watu kama 5,300. Usiku, kabla kidogo ya saa nane, ardhi ilipasuka pembeni kabisa ya mji. Ufa ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na moto ukaruka kama pazia. King'ora kikalia, magari ya zimamoto yakazunguka kuamsha watu.

Sasa ona neema. Siku iliyotangulia kulikuwa na dhoruba baharini, kwa hiyo boti za uvuvi hazikutoka. Zilikuwa zote zimefungwa bandarini. Na usiku huo upepo ukatulia. Watu waliteremka bandarini na nguo za kulalia ndani ya makoti, wamebeba watoto na mfuko mmoja mmoja, wakapanda boti yoyote iliyo karibu. Wagonjwa na wazee walichukuliwa kwa ndege. Kufikia asubuhi, karibu kisiwa chote kilikuwa kimeondoka. Safari ya boti ilichukua kama saa nne, wengi wakitapika, mpaka bandari ya Þorlákshöfn nchi kavu. Huko mabasi yaliwasubiri, na wengi wakapokelewa na ndugu, marafiki na hata watu wasiowajua.

Katika habari hiyo yote alikufa mtu mmoja tu, na hakufa kwa moto. Aliuawa na hewa mbaya iliyojaa ndani ya chumba cha chini ya jengo. Sisi wa Kivu tunaiita mazuku, na kila mama wa Goma anajua kumkataza mtoto kulala bondeni asubuhi yenye utulivu.

WALIPIGANIA BANDARI

Hapa ndipo tulipoanza kusikiliza kwa masikio yote mawili. Watu kama mia mbili hadi mia tatu hawakuondoka, au walirudi upesi kupigana na volkano. Majivu yaliangukia mji, mapaa yakavunjika kwa uzito. Lava ikatembea juu ya nyumba. Nyumba kama mia nne zilipotea. Walitoa paa hili na lile majivu, lakini waliona kwamba nyumba zote haziwezi kuokolewa. Halafu lava ikageukia mlango wa bandari. Wakasema: nyumba tutajenga tena, lakini bandari ikifungwa, hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kurudi hapa.

Mwanafizikia Þorbjörn Sigurgeirsson alitoa wazo la kuimwagia lava maji ya bahari ipoe na kujifunga yenyewe kama ukuta. Wengine waliona ni mchezo wa watoto, kukojolea moto wa shamba. Walianza na mipira midogo ya zimamoto. Baadaye zikaletwa pampu kubwa kutoka Marekani. Kwa miezi walimwaga maji, kama mita za ujazo milioni sita kwa jumla. Na ile lava ilisimama. Tarehe 3 Julai 1973 volkano ilitangazwa kwamba imekwisha.

Walipopima, waliona kisiwa kimeongezeka kilomita za mraba mbili na zaidi, na bandari, badala ya kufungwa, imepata kinga nzuri zaidi dhidi ya mawimbi. Majivu waliyoyazoa mitaani waliyatumia kurefusha uwanja wa ndege na kutengeneza viwanja vya nyumba mpya. Kwa miaka kumi na kitu walipitisha mabomba ya maji ndani ya lava iliyokuwa bado na moto, wakapasha nyumba zao joto. Yule adui akafanywa mpishi.

Kurudi hakukuwa kwa siku moja. Kufikia mwisho wa mwaka 1974 kama nusu ya watu walikuwa wamerudi, na mapema 1975 kama wanane katika kila kumi. Waliobaki walikaa walikokimbilia. Hata leo kisiwa hakijafikisha idadi ya zamani.

MZEE WA MAKUMBUSHO

Kuna nyumba ya makumbusho inaitwa Eldheimar, ilifunguliwa mwaka 2014. Wameijenga juu ya nyumba moja iliyofunikwa na majivu, kisha ikafukuliwa. Ukutani ufa, dari imeinama, na vyombo vya jikoni bado vipo. Mama alisimama mbele ya kile kikabati cha vikombe muda mrefu, hakusema neno.

Mzee mmoja wa pale alitusogelea. Alitumia Kidenish alichofundishwa shuleni, sisi tukatumia Kinorwe chetu cha uzeeni, tukaelewana vizuri tu. Usiku ule alikuwa na miaka minane. Alichokumbuka zaidi si moto. Alikumbuka kwamba mama yake alitandika vitanda kabla ya kutoka. Tulicheka wote watatu, kwa sababu mwaka 2002, tarehe 17 Januari, lava ya Nyiragongo ilipoingia Goma, na sisi tukielekea Gisenyi na chukudu moja yenye godoro na sufuria, Mama alirudi ndani kufunga mlango kwa kufuli. Nyumba iliungua, ufunguo tunao hadi leo.

Mzee akauliza: "Na nyinyi, mlirudi?"

Tulimjibu hivi. Baada ya moto, ndiyo, tulirudi baada ya siku chache, lava bado ina moshi, tukajenga juu yake kama watu wote. Baada ya risasi za mwaka 2008, tukiwa Rutshuru, tulivuka Ishasha, na hatujarudi mpaka leo. Akanyamaza kidogo. Akasema volkano ilichukua nyumba ya baba yake lakini haikumchukia baba yake. Neno hilo tumelitafakari sana. Watu wa Heimaey walikimbilia ndani ya nchi yao wenyewe. Mwezi uliofuata Bunge lao liliwaundia mfuko wa msaada, na nchi jirani zikachangia. Hakuna aliyewauliza kabila, wala aliyekaa kwenye mashamba yao akisema sasa ni yake. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia ninyi: fanyeni kama wao, mtarudi. Haingekuwa haki.

MWANAMKE ALIYERUDI BAADA YA MIAKA TISA

Kisiwa hicho kilijua vilio kabla ya volkano. Mwaka 1627 maharamia kutoka Afrika ya Kaskazini walikivamia, wakachukua watu zaidi ya mia mbili na kuwauza utumwani Algiers. Mmoja wao alikuwa mama aitwaye Guðríður Símonardóttir, pamoja na mtoto wake wa kiume. Alikombolewa kwa fedha baada ya miaka kama tisa, akarudi. Mtoto alibaki huko. Baadaye aliolewa na mchungaji na mtunga nyimbo Hallgrímur Pétursson, na lile kanisa kubwa la Reykjavík limepewa jina la huyo mumewe. Mama zetu mlioachana na watoto njiani mtaelewa kwa nini Mama yetu aliwasha mshumaa mahali pasipokuwa na mshumaa, yaani moyoni.

Penye makaburi ya mji kuna lango lenye maneno ya Injili kuhusu uzima. Mwaka 1973 majivu yalifunika makaburi yote, lango likabaki limechungulia juu.

WATOTO NA NDEGE WALIOPOTEA

Hii ni ya watoto. Visiwa hivyo vina ndege wengi sana waitwao puffin, wao wanamwita lundi. Ni mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mdomo wake una rangi kama umepakwa kwa sikukuu. Wanataga mashimoni juu ya magenge. Mwezi wa Agosti na Septemba makinda yanatoka usiku kutafuta bahari, lakini taa za mji zinayadanganya, yanaangukia barabarani. Basi watoto wa kisiwa wanaruhusiwa kuchelewa kulala. Wanazunguka na maboksi ya karatasi, wanayaokota makinda, wanalala nayo nyumbani, na kesho yake wanayapeleka kwenye genge na kuyarusha hewani kuelekea baharini. Kila mtoto anajua kazi hiyo. Mji uliookolewa kwa mashua usiku unafundisha watoto wake kuokoa waliopotea usiku.

SI KILA MJI UNARUDIWA

Tusiwadanganye kwa habari nzuri peke yake. Katika Iceland hiyo hiyo, tarehe 10 Novemba 2023, mji wa uvuvi wa Grindavík, wenye watu karibu 3,800, uliondolewa wote jioni moja kwa sababu ardhi ilikuwa inapasuka chini yake. Tarehe 14 Januari 2024 lava ilifika na kuunguza nyumba tatu. Ufa umepita katikati ya mitaa. Serikali iliamua mwaka huo kununua nyumba za waliotaka kuuza, na wengi waliuza, wakatafuta maisha kwingine. Ni nchi ile ile, yenye pesa na ujuzi ule ule, ila ardhi hiyo haikuwapa nafasi.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tulipoondoka jioni, meli ilipita mbali na Surtsey, kisiwa kilichotoka baharini mwaka 1963 kwa volkano. Haruhusiwi mtu kushuka huko ila wanasayansi wachache, wanaochunguza jinsi majani na ndege wanavyoanza maisha juu ya jiwe tupu. Tulikaa nje na mablanketi tukizungumza.

Tumekubaliana hivi. Kurudi au kutorudi, mara nyingi hakuko mikononi mwetu. Wanaamua wenye bunduki na wenye kalamu. Lakini watu wa Heimaey walijua kitu kimoja cha kupigania wakati mengine yote yanateketea, nacho ni bandari, mahali pa kazi yao. Ninyi hapo kambini, kila nyumba ijiulize bandari yake ni ipi. Kwa mmoja ni cherehani na ufundi wake. Kwa mwingine ni vyeti vya shule vya watoto, vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki visiloane. Kwa mwingine ni lugha ya bibi inayozungumzwa mezani. Kwa mwingine ni majirani wa kijiji kimoja wanaoendelea kujuana kwa majina. Hicho msikiache kifunikwe. Kitawafaa mkirudi Rutshuru, Fizi au Bujumbura, kitawafaa mkipelekwa nchi ya baridi, na kitawafaa mkibaki Isingiro.

Wasalimieni wote, hasa wazee wa kwaya. Tukipata nafasi tutawaandikia tena, na mnaotaka kutuuliza jambo, wapeni barua ndugu wa jarida, zitatufikia.

Wenu katika upendo, mume na mke, Norwe.